Daftari Ambalo Joachim Anataka Kulichoma

Kaeni karibu na kitanda, wanangu, na wewe Joachim weka simu mfukoni, maana leo nina pumzi ya kusema mara moja tu, sina ya kumrudia mtu aliyekuwa anatazama kioo. Yusta, binti yangu, nipandishe mto. Veneranda, mke wa marehemu mwanangu Aroni, usiende jikoni. Chai itasubiri, na haya nitakayosema yanakuhusu wewe kuliko wote waliomo humu ndani. Daktari anasema ini langu limechoka. Nilimwambia si ini peke yake.

Wiki tatu zilizopita, mlipokuwa mnatafuta kadi yangu ya bima, mlifungua sanduku la bati chini ya kitanda hiki mkakuta daftari jeusi lenye herufi zilizopangwa tano tano, ukurasa baada ya ukurasa, bila neno hata moja linalosomeka. Watu wenye akili wangeniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimelala juu ya kitanda hiki hiki. Ninyi mkapiga picha. Joachim akazituma kwenye kundi la ukoo la Wasapu, binamu yenu Shedrack akajibu kuwa hicho ni Kiarabu kilichoandikwa kinyumenyume, yeye ambaye hajui Kiarabu cha mbele wala cha nyuma, kisha picha zikafika Mbeya kwa huyo anayejiita mtumishi wa Mungu, ambaye aliweka kiganja juu ya karatasi, akatetemeka kidogo, akasema kila fungu la herufi tano ni watu watano niliowaandikia kifo. Ndipo wewe Joachim, mzaliwa wangu wa kwanza, mwenye shahada, ukarudi toka kwake Mbeya mpaka hapa Mlandege, ukasimama kwenye mlango huo ukaniambia, "Mama, Aroni alikufa kwa maandishi haya. Jumapili mtumishi anakuja, tunalichoma uani." Nilikuwa najiuliza nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja kwa faida ya nani.

Basi nifundishe kipindi cha mwisho, na msinikatize.

Herufi zimepangwa tano tano kwa sababu hivyo ndivyo zilivyopangwa kwenye simu za maandishi za siri tangu enzi za waya, ili asiyehusika asione neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Karani yeyote wa posta wa zamani angewaambia hilo bila kutetemeka. Ninayoandika ni maandishi fiche, kazi ya watu waliokuwa wamevaa viatu na kunywa chai kama ninyi. Mtawala mmoja wa Rumi, kabla ya Kristo, alikuwa anasogeza kila herufi hatua tatu mbele, a inakuwa d, hata neno mama linakuwa pdpd, na majemadari wake wakajiona wajanja sana. Mtoto wa darasa la nne anaona hapo kuna kitu kinajirudia. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita msomi wa Baghdadi akakaa na kuhesabu herufi, akagundua kuwa kila lugha ina herufi inayoipenda, na ukiikuta inayotokea mara nyingi kuliko zote umeshaanza kufungua mlango. Kiswahili chetu ndicho chepesi kuliko vyote, kimejaa a kama kande ilivyojaa mahindi. Malkia mmoja wa Uskoti alikatwa kichwa kwa sababu aliamini barua zake hazisomeki, akaandika humo mambo ambayo asingeyanong'ona hata kwa mto wa kulalia. Fumbo bovu ni baya kuliko kukosa fumbo, kwa kuwa linakupa ushujaa usioustahili.

Yusta, maji.

Wajerumani wa vita vya pili vya dunia walijenga mashine yenye magurudumu, ukibonyeza herufi inatoka nyingine, na kila siku magurudumu yanapangwa upya. Wakasema hakuna binadamu atakayeifungua. Vijana wa Kipolandi, watu wa hesabu kama mimi, waliifungua kabla vita havijaanza, kisha kule Uingereza maelfu ya watu, wengi wao wanawake ambao hakuna aliyewajengea sanamu, wakaendelea kuifungua kila siku. Mnajua walisaidiwa na nini? Na mazoea. Kulikuwa na wapeleka ujumbe waliorudia maneno yale yale mahali pale pale, salamu zile zile, hali ya hewa ile ile, na anayejua neno moja lililomo tayari ameshika uzi. Joachim, wewe kila ujumbe wako unaanza na Bwana Yesu asifiwe na unaisha na mbarikiwe, hata ukiomba kuletewa viazi. Ungekuwa jeshini, kikosi chako kingekwisha kabla ya kifungua kinywa.

Tena sikia hili, na umpelekee mtumishi wako. Ule ujumbe wa kusema mama yenu ni mchawi ulisafiri toka simu yako mpaka simu ya Shedrack ukiwa umefichwa, ili mtu wa njiani asiusome, na kilichouficha ni hesabu, ndugu za hizi zangu. Siku hizi unamgawia kila mtu kufuli lako likiwa wazi, naye anakuwekea barua sandukuni na kubana, na ufunguo wa kulifungua unabaki nao wewe peke yako. Ndivyo benki zinavyofanya, ndivyo simu zenu zinavyofanya, na ninyi mmezishika mchana kutwa mkinitangaza. Kama mimi ni mchawi, basi ninyi ni wateja wangu wakubwa. Namba yako ya siri, Joachim, ni mwaka wako wa kuzaliwa. Watoto wa Veneranda wanaijua. Paka anaijua.

Nilianza kuandika hivi mwaka wa pili wa ndoa. Baba yenu Silvester, mzee wa kanisa, Mungu amrehemu, alikuwa na adabu kwa kila kitu isipokuwa bahasha. Barua za dada yangu wa Tukuyu alizisoma kabla yangu, na akanieleza yaliyomo akidhani ananisaidia. Sikugombana naye. Nilichukua neno la siri, nikasogeza herufi ya kwanza ya nilichoandika kwa hatua sawa na nafasi ya herufi ya kwanza ya neno hilo kwenye alfabeti, ya pili kwa hatua za ya pili, likiisha naanza upya, hivyo a ya hapa inageuka m na a ya pale inageuka t, na anayehesabu anachoka. Kila mwaka nilibadilisha neno. Yeye aliona, akadhani ni hesabu za shule, akajivunia mke msomi. Humo nimeandika mvua, homa zenu, hasira zangu, majina ya wakuu wa shule waliokuwa wajinga. Hakuna kifo cha mtu.

Yaani kipo kimoja.

Veneranda, usisimame. Miaka kumi na moja umekaa kwenye vikao vya ukoo huu ukiambiwa kuwa mumeo alijiua kwa kuendesha gari amelewa pombe pale kwenye mteremko wa Kitonga, wakitoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu, na kwamba ni bahati ya Mungu kaka yake aliyekuwa naye kwenye pikapu alipona. Umeinamisha kichwa. Watoto wako wamekua wakiambiwa wasiwe kama baba yao. Pale mochwari polisi aliniuliza ni nani alikuwa ameshika usukani, na mimi, mwalimu, niliyewachapa watoto wa watu kwa kunakili majibu, nikasema ni Aroni. Nilisema hivyo kwa kuwa aliyekufa hafungwi. Kile alichokuwa ameniambia Joachim dakika kumi kabla, amejikunja kwenye benchi la hospitali, nilikiandika siku hiyo hiyo neno kwa neno, kwa fumbo zuri kuliko yote niliyowahi kutunga. Mnaona jinsi elimu ilivyonifaa. Nimewadharau wajinga maisha yangu yote, na ujanja wangu mkubwa kuliko wote niliufanya kumzika mwanangu mmoja chini ya kosa la mwingine.

Na wewe unataka kulichoma. Hukujua ni nini kimekuficha miaka yote hii.

Ngojeni. Napumua.

Sasa maagizo. Nyumba hii ya Mlandege ni ya Veneranda na wanawe, na hati iko kwa mchungaji, si kwa Shedrack. Shamba la Kilolo, miti ya paina ya juu ni ya Yusta, ya chini ni ya Joachim, hata baada ya haya, kwa sababu nilikuzaa. Vitabu ni vya Yusta. Mnizike Kilolo, upande wa Aroni, si upande wa baba yenu. Msivae fulana zenye picha yangu. Huyo wa Mbeya asikanyage kaburini. Akija, mpeni karatasi yenye herufi tano atuambie maana yake.

Daftari apewe Veneranda leo, mkononi. Yusta angeweza kulifumbua, wiki mbili za kuhesabu badala ya kulia. Simwachii Yusta. Joachim, wewe utausoma ukurasa ule kwa mdomo wako, Veneranda akikutazama, na Yusta akiwa pembeni na penseli kuhakikisha huruki neno. Nimechoka kukusemea. Ukinikatalia, Yusta ataanza kuhesabu, na watu watasikia kwake kabla ya kusikia kwako.

Usiniambie hujui neno la siri. La mwaka ule unalijua kuliko mimi. Ni jina ulilompa wewe Aroni mkiwa wadogo, alipokuwa mwembamba mwenye kichwa kikubwa, ambalo hujalitaja tangu siku ya mazishi. Nimekusikiliza miaka kumi na moja. Unasema marehemu. Unasema mdogo wangu. Lile hulisemi.

Lete mkono wako. Na wako, Veneranda. Yusta, mama... Mungu awatunze hivyo hivyo mlivyo, kwa kuwa wengine sina. Ndaga. Asanteni, wanangu.

Haya, Joachim. Liseme, nilisikie kabla sijalala.

Kwa sauti.

"Kibiriti."

Ndiyo. Herufi nane. Yusta... andika ya kwanza.