Komeo Anakabidhi Funguo

Tarehe thelathini Juni, saa kumi alasiri, mtunzaji wa jengo la kanisa letu atakabidhi funguo kumi na saba na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano ya kulilinda kanisa dhidi ya waumini wake. Kazi hiyo ameifanya kwa bidii isiyo na mfano. Wachungaji watano wamepita, kwaya imevunjika mara mbili na kuundwa upya kwa jina lilelile, lakini yeye alibaki pale mlangoni, kitambaa begani, akitutazama miguu kabla ya nyuso. Ndiyo maana tunamjua kwa jina la Komeo tu. Wapo waliobatizwa hapa, wakaoa hapa, wakaleta watoto hapa, bila kujua kwamba wazazi wake walimpa jina jingine.

Kamati ya majengo imeniomba niandike wasifu huu wa programu ya kumuaga kwa sababu nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, mimi nikiwa karani wa ofisi ya usharika, na yeye akiwa upande wa pili wa ukuta, akiukagua. Mwenyekiti wa kamati alinisihi niandike mazuri matupu na nisizidi kurasa mbili. Nitajitahidi kutii nusu ya agizo hilo.

Komeo aliletwa kama kibarua jengo lilipokuwa linamaliziwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka mabenchi vanishi. Fundi mkuu, alipokuwa anaondoka, alimwambia akae hapo ahakikishe hakuna mtu anayekalia benchi mpaka vanishi ikauke. Fundi hakurudi tena. Kwa mwenendo wa Komeo tangu siku ile, nadhani hakuna aliyewahi kumwarifu kwamba ilikauka.

Usharika uliponunua mito ya kukalia, aliipokea shingo upande, kwa sharti kwamba mifuko yake ya nailoni isivuliwe. Tulikalia nailoni miaka sita. Mchungaji akisema tuombe kimyakimya, watu mia mbili wakiinamisha vichwa kwa pamoja, kanisa zima lilichachatika kama vitunguu vinavyokaangwa. Msimu wa joto, kusimama kwa ajili ya wimbo kulianza na zoezi la kujibandua. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba ubeti wa kwanza unaimbwa na nailoni peke yake. Komeo alimjibu kwamba ubeti wa pili wanaimba wao, watosheke na huo.

Halafu kuna vibao. Aliviandika kwa mkono wake, kwa herufi nzuri ambazo mimi na elimu yangu ya ukarani sizifikii. Usiegemee. Usiguse. Usipite hapa, pita kule. Ukifika kule unakutana na kingine kinachokurudisha ulikotoka. Askofu alipotutembelea alisimama katikati ya kanisa dakika nzima, amezingirwa na makatazo pande zote, mpaka mke wa mchungaji alipomshika mkono na kumwongoza kwenye kiti chake.

Na harusi zetu je? Mtu akitaka kuthibitisha kwamba picha ya harusi ilipigwa kwetu, asihangaike kutafuta madhabahu. Amtafute Komeo nyuma ya bibi harusi, ameinama, anafagia maua yaliyorushwa kabla hayajakanyagwa. Kwenye albamu yangu mimi yumo mara kumi na moja. Mume wangu yumo mara tisa.

Hayo tunaweza kuyacheka. Lile la mvua sijaweza kulicheka mpaka leo, na naliweka humu ingawa mwenyekiti aliniomba nisilitie.

Miaka minne iliyopita, wiki ya jubilei ya jengo, siku ya Alhamisi mchana, upepo wa mvua uliezua mapaa ya nyumba kumi na mbili nyuma ya barabara yetu. Wenye nyumba walikuja moja kwa moja kanisani, wengi wao washarika wetu, magodoro vichwani, watoto migongoni. Komeo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupaka sakafu nta. Alitoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake, akawaeleza kwa adabu kabisa kwamba nta inahitaji siku nzima kukauka. Mama mmoja mwenye mtoto wa wiki mbili alimuuliza kama anaweza kusimama barazani tu. Barazani nako kulikuwa kumepakwa. Komeo akampigia simu mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti, ambaye siku hizi hupenda kulisahau hili, akajibu kwamba mgeni rasmi anakuja Jumapili na sakafu isiguswe.

Basi wakavuka barabara, wakaenda kwa seremala. Seremala huyo alikuwa hajatia mguu kanisani miaka minane, tangu siku Komeo alipomrudisha mlangoni akajikung'ute vumbi la mbao. Alizima mashine yake bila kuuliza swali, akalaza milango na mbao zake zikawa vitanda. Kabla jua halijazama tulikuwa tumejaa mle karakanani: wanakwaya na masufuria yao, muuguzi akifunga vidonda, mchungaji ndani ya viatu vya mpira akisaidia kufunga maturubai. Jumapili hakuna aliyetangaza ibada, lakini ibada ilifanyika hukohuko, katikati ya makabati yasiyo na milango, na mahubiri yalikuwa mafupi kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Upande wa pili wa barabara kengele ililia kwa saa yake. Sakafu iling'aa. Mgeni rasmi alifika, akayatazama mabenchi matupu, akasikia nyimbo zinatoka kwa seremala, akazifuata na suti yake.

Mwishowe Komeo naye alivuka. Alisimama kwenye mlango wa karakana, haingii wala haondoki. Bibi mmoja mshona nguo, ambaye nyumba yake ilikuwa imebaki kuta, alijisogeza kwenye ubao aliokalia akampa nafasi.

"Ingia, mwanangu," alimwambia. "Humu hamna cha kuharibika."

Komeo alimshukuru, akasema ameacha mlango wa kanisa wazi, akarudi kuufunga.

Tulimsema mwezi mzima, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Tulitoka karakanani tumevimba vichwa, kana kwamba sisi ndio wa kwanza duniani kugundua kwamba kanisa si kuta. Mchungaji alihubiri jambo hilo Jumapili nne mfululizo. Jumuiya moja ya nyumbani ikaanza kukutana kwa seremala, na inakutana huko mpaka leo. Kamati nayo, tena kamati ya majengo, ilichapisha bango la mita sita lenye maneno KANISA NI WATU, likatundikwa juu ya mlango mkuu. Aliyetumwa kupanda ngazi kulitundika ni Komeo. Sisi watu tulisimama chini tukimwelekeza kushoto na kulia.

Mwezi uliopita, ili niandike wasifu huu kwa usahihi, nilifungua daftari la washarika nitafute tarehe aliyoandikishwa. Hayumo. Nilipekua daftari la sasa na yote yaliyotangulia. Nikatafuta kwa jina la mkewe, nikatafuta hata kwa hilo jina la Komeo, patupu. Nilimpata jioni ya siku ya pili kwenye faili la mali za kanisa, faili ambalo mimi mwenyewe hulinakili upya kila Januari. Ukurasa wa tatu unasema: kengele moja, ngazi mbili, mabenchi arobaini na sita, mtunzaji mmoja. Barua yake ya ajira imebanwa nyuma ya hati ya kengele. Aliyeianzisha orodha hiyo ameshafariki, na siwezi kumtupia lawama zote, kwa sababu mimi nimeinakili mara kumi na tisa bila kushtuka. Mbele ya kila kitu kuna nafasi ya kujaza hali yake. Mbele ya mtunzaji mmoja, kila mwaka, kwa mwandiko wangu, nimeandika: nzuri.

Hapo ndipo mengine yalipoanza kunirudia. Jumuiya za nyumbani hupangwa kwa kufuata daftari la washarika, kwa hiyo Komeo hakuwahi kuwa na jumuiya. Orodha ya wagonjwa wa kutembelewa hutoka kwenye daftari hilohilo, kwa hiyo mkewe alipolala kitandani miezi kumi na moja, hakuna mtu wetu aliyepiga hodi kwao. Ufa wa ukutani ukitokea tunaitisha kikao. Mke wa Komeo alipofariki, ibada ya mazishi ilifanyika kwetu, na aliyefungua milango ni Komeo, aliyepanga mabenchi ni Komeo, na aliyesimama nyuma kabisa mpaka mwisho ni Komeo. Jeneza lilipotolewa, alilifuata na ufagio mkononi. Nakumbuka nilimgusa mwenzangu kwa kiwiko, tukacheka chinichini, tukaambiana kwamba huyu mtu hata leo haachi. Naandika hili kwa aibu, na namwomba anayesoma programu hii asiliruke.

Nilipeleka faili kwenye kamati. Mwenyekiti alisema ni kosa dogo la karatasi na kwamba mstaafu ameshaandaliwa saa ya ukutani, kubwa, yenye picha ya kanisa. Mzee mmoja wa kanisa alishauri Komeo ajaze fomu ya mshiriki mgeni, kisha awekwe chini ya uangalizi kwa miezi mitatu kama taratibu zinavyotaka, ili tumfahamu. Nilikusanya karatasi zangu nikatoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi.

Nilimkuta Komeo mwenyewe anapangusa vioo vya upande wa ofisi. Nilimuuliza Jumapili ya kwanza baada ya kustaafu atasali wapi. Nilitegemea aseme hapahapa, au anikaripie kwa kuegemea ukuta. Alikunja kitambaa chake mara nne, akakitazama.

"Nikija bila kazi," aliniuliza, "nitakaa wapi?"

Hakuwa analalamika. Aliuliza kama mtu anavyoulizia njia kwenye mji wa watu. Ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumwona amekaa wakati wa ibada, na kwamba hilo ndilo lililokuwa linamsumbua, si hizo funguo. Funguo zikitoka mkononi mwake hana sababu ya kusimama mlangoni, na ndani hakuna aliyewahi kumwonyesha pa kukaa. Nilirudi ofisini nikafunga mlango, nikalia kidogo, nikanawa uso.

Sitamtia Komeo sukari asiyokuwa nayo. Alikuwa mkali, alikuwa msumbufu, na kwa ajili ya yule mama mwenye kichanga aliyelowa mbele ya mlango mkavu bado sijamsamehe. Lakini sisi ndio tuliomweka alinde benchi, tukampa kisogo, halafu tukamkasirikia kwa kulipenda benchi kuliko sisi. Tulimpa kitu gani kingine cha kupenda? Yule bibi mshona nguo alimsogezea ubao mara moja tu, tena wa kuazima, na katika washarika mia nne na kumi na mmoja hatukupata wa pili.

Kwa hiyo nimemwandika. Jana asubuhi, kwa wino, kwa jina lake kamili, namba mia nne na kumi na mbili, jumuiya inayokutana kwa seremala. Seremala nilimuuliza kwanza. Alifikiria miaka yake minane, kisha akasema nimlete, ila viatu vya watu asivitazame. Fomu sikungoja. Mzee wa kanisa akitaka kunishtaki, ofisi yangu anaijua. Kwenye faili la mali nimekata mstari kwa rula, na Januari ijayo tutakuwa na kengele, ngazi na mabenchi tu.

Mzee wangu, asante kwa mabenchi arobaini na sita ambayo hayana mkwaruzo. Asante kwa kengele ambayo haikuchelewa hata siku ile ilipolia bila mtu. Samahani kwa mengine yote, na samahani hii natoa kwa niaba ya watu wengi ambao wataisoma wakiwa wameinamisha macho. Swali lako jibu lake ni hili: benchi la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha, kati yangu na mama mkwe wangu, ambaye amezoea kujitanua lakini ameshaambiwa. Ukichelewa njoo vivyo hivyo, tutasogea.

Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi, na Jumapili nyingi za kukaa.