Chumba Namba Nne Kisifungwe

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, waheshimiwa wajumbe wa kamati, madaktari, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wagonjwa wangu wa sukari mliojibanza huko nyuma kana kwamba shughuli si yenu, hamjambo?

Mmenisifu mpaka nimeona haya. Eti miaka thelathini na moja sijakosea. Jamani! Nimekosea, na sistaafu kabla hamjalisikia kosa lenyewe, maana naambiwa kuanzia Jumatatu chumba namba nne, ambamo nimekuwa nikimhoji kila mgonjwa mpya peke yake, kitageuzwa stoo ya mashuka.

Mama mmoja, mgonjwa wangu wa siku nyingi, alimleta bintiye, fundi cherehani. Binti amekonda, kiu haimwishi, chooni haachi kwenda. Nikampima, sukari iko juu. Foleni ilikuwa ndefu, nikajisemea: damu moja, ugonjwa mmoja. Nikaandika kwenye faili, "Kama mama yake." Daktari akasaini, binti akapewa vidonge.

Siku ya nne aliletwa amebebwa, anahema kwa nguvu, hamtambui mtu. Mama yake akanishika mkono: "Dada nesi, mbona mimi vidonge hivi hivi vinanisaidia?"

Sukari ya mama ilimwingia polepole, mwaka baada ya mwaka. Mwili wake bado unatengeneza insulini, ile inayoshusha sukari, ila haifanyi kazi inavyotakiwa. Ya binti ilikuja mbio, kwa wiki chache tu, kwa sababu mwili wake ulikuwa umeacha kuitengeneza. Alihitaji sindano za insulini tangu siku ile ya kwanza! Na wako wanaopata sukari wakiwa wajawazito, wako wanaokaa nayo miaka bila kuhisi chochote. Je, hayo utayajua kwa kumtupia mtu jicho kwenye foleni? Wapi! Utayajua kwa kuketi naye umuulize: ilianza lini, umepungua kiasi gani, nani nyumbani anayo? Kuuliza si ujinga.

Binti alipona, Mungu ashukuriwe. Yule pale, safu ya tatu, sindano zake mkobani. Gauni hili kanishonea yeye, akanibana kiunoni, nadhani kwa makusudi.

Baada ya hapo ndipo tulipoanzisha chumba namba nne. Mheshimiwa Mganga Mkuu, nakuheshimu sana, lakini mashuka hayana la kuhojiwa. Yatafutiwe pengine.

Nimeagizwa nikabidhi ufunguo kwa bwana stoo. Kaka yangu, usininunie, huupati. Wewe nesi unayeshika nafasi yangu, inuka mwanangu, njoo uupokee mbele ya watu wote hawa. Jumatatu saa mbili asubuhi fungua, mwite mgonjwa wa kwanza, ufunge mlango. Atakayebisha hodi na mashuka, mwambie akamweleze kwanza yule mama aliyenishika mkono kwa nini chumba kifungwe.

Kwa masikio na subira yenu, asanteni sana.