Lenzi Ndefu, Chumba Kifupi

Garimoshini, muuguzi alisikia mpiga picha mwanamke wa kiti cha mbele akimfokea kaka yake.

"Nilikuagiza lenzi fupi ya kamera yangu mpya, hii isiyo na kioo ndani. Ukaniletea ndefu kama mchi wa kinu."

"Muuzaji alisema ndiyo ya mabingwa."

"Muuzaji hakuwepo chumbani kwa bibi harusi. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kabatini, bado naona pua tu. Mama yake mgonjwa alitaka picha moja, yeye na mwanawe."

"Si ungetumia simu."

Muuguzi aliona kwamba hapo kunyamaza kungemfaa kaka huyo zaidi.

"Nilitumia. Mama akaniuliza, basi wewe tulikuitia nini?"

Garimoshi liliposimama, kaka alinyoosha mkono ambebee mkoba. Dada akauvuta, akashukia mlango mwingine.