Bi. Faneli, Fundi Bati Aliyeielewa Koni

Huyu tuliyekuja kumsindikiza leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 21 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi bati na mshonaji wa sare za shule. Mama yake alipenda kusimulia kwamba treni ya asubuhi ilipopiga honi, mtoto alilia kwa sauti ya kuishinda. Waliofanya kazi naye wanajua kwamba sauti ile haikupungua hata siku moja.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza Novemba 1971. Alipenda hesabu kupita kiasi. Akiwa darasa la saba, mwalimu alichora ubaoni umbo kama duara lililokaliwa na mtu mnene, akasema linaitwa duaradufu. Binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hilo linatoka wapi?"

"Linatoka kitabuni. Kaa chini."

Alikaa chini, lakini hakuridhika. Mwezi uliofuata baba yake alikatwa vidole viwili na mashine ya kukunjia bati, na mmoja wa watoto ilibidi ashike mkasi. Kaka zake wawili walitazamana. Yeye alikuwa ameshauchukua.

Basi akawa fundi. Karakana ilikuwa chumba kimoja kando ya dobi, chenye dirisha linalotazama barabara, meza nzito ya chuma na harufu ya risasi ya kulehemu. Alitengeneza ndoo, makopo ya kumwagilia, mabomba ya moshi, na zaidi ya yote faneli za kumiminia mafuta. Faneli zake hazikuvuja wala hazikupinda mdomo, na kabla hajafikisha miaka ishirini mji mzima ulimwita Bi. Faneli. Akiulizwa siri yake, alijibu kwamba hana siri, ana vipimo.

Mnamo Mei 1979 bekari ya mtaa wa pili ilitaka bomba jipya la moshi. Bomba lilitakiwa kutokea kwenye paa lenye mteremko, na pale linapotokea livalishwe koni ya bati ya kuzuia mvua. Kazi ya Bi. Faneli ilikuwa koni. Kazi ya kutoboa tundu la kuipokea ilipewa seremala kijana, mrefu, mwenye penseli sikioni na maneno mengi mdomoni. Siku ya kufunga, koni ikagoma kuingia.

"Umekata yai," Bi. Faneli alisema.

"Nimekata yai kwa makusudi," seremala alijibu. "Koni ni nyembamba juu, nene chini. Ukiikata mshazari, upande wa chini lazima uwe mnene zaidi. Hiyo ni akili ya kawaida tu, dada."

"Akili ya kawaida imetoboa paa la watu."

Akashuka ngazi, akakunja koni nyingine papo hapo, akaikata mshazari kwa mkasi, akachora ukingo wake kwenye karatasi. Kisha akaigeuza karatasi, kilichokuwa juu kikawa chini, akaiweka tena juu ya mkato. Ikakaa sawasawa. Akageuza tena. Sawasawa. Hakukuwa na upande mnene wala mwembamba. Seremala akapigilia misumari miwili kwenye ubao mpya, akafunga uzi kwa ulegevu, akaukaza kwa penseli na kuizungusha, kama alivyozoea kuchora meza za kulia. Tundu lililotoka lilipokea koni kama mkono na glavu.

"Haya, fundi," seremala alisema, "umenishinda. Lakini nieleze kitu kimoja. Bati lako limejuaje habari za misumari yangu?"

Bi. Faneli alikusanya vifaa vyake, akasema jibu atalitafuta. Siku tatu baadaye seremala alipita karakana kuuliza kama jibu limepatikana. Wiki iliyofuata akapita tena. Kila mtu barabarani alielewa haraka kuliko wao kwamba si jibu peke yake lililokuwa likimleta. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1980, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja. Hadi mwisho alimwita mumewe "Seremala", na mumewe alimwita "Fundi". Wakigombana, yule aliyekuwa anashindwa aliuliza habari za misumari, na ugomvi ukaishia hapo.

Kuanzia 1998 alifundisha ubati siku mbili kwa wiki katika chuo cha ufundi. Mapema mwaka 2006 ikatoka amri kwamba kila mkufunzi awe na cheti cha hesabu cha sekondari, au apite usaili mbele ya jopo. Yeye hakuwa na cheti, na umri ulikuwa miaka arobaini na saba. Wenzake wawili waliondoka bila kungoja. Yeye aliazima kitabu cha binti yake wa mwisho na kuanza kusoma kila mchana, miguu juu ya ndoo. Alienda vizuri hadi sura ya mikato ya koni. Hapo akakwama. Fomula zilikuwepo, koni haikuwepo. Alimwambia mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, "Nimekata koni miaka thelathini na tano, halafu kitabu kinaniambia nikariri herufi! Nitafeli nikiwa nimeshika jibu mkononi."

Jumamosi, tarehe 17 Juni 2006, alikuwa akirekebisha faneli kubwa ya mashine ya kusaga nafaka. Mpira wa tenisi aliokuwa akiutumia kunyoosha bati jembamba ulidondoka rafuni, ukaingia kwenye faneli na kukwama. Akainama kuutoa, akasita. Mpira ulikuwa umeigusa faneli pande zote, kwenye mstari mmoja wa duara, kama pete. Akakata sahani ya bati ya duaradufu, akaiweka ndani ya faneli kwa mshazari, ikakaa juu ya mpira ikiugusa. Juu ya sahani akaweka mpira mwingine mkubwa ulionywea, akaupiga pampu ya baiskeli hadi ukagusa faneli pande zote, ukagusa na sahani. Kabla ya hapo alikuwa ameipaka mipira yote miwili chaki. Alipoitoa sahani, upande wa chini ulikuwa na doa moja la chaki, na upande wa juu doa moja. Madoa mawili!

Akatoboa madoa yale, akatia misumari, akafunga uzi, akazungusha penseli. Penseli ikafuata ukingo wa sahani mzunguko mzima bila kutoka nje hata unywele.

Na sababu ikamjia palepale. Ukisimama popote ukingoni mwa sahani na kuvuta nyuzi mbili hadi kwenye mpira mmoja, zote zikiugusa tu bila kuukata, nyuzi hizo zina urefu sawa. Kwa hiyo umbali hadi doa la chini ni sawa na umbali wa kushuka ukutani mwa faneli hadi pete ya mpira mdogo. Umbali hadi doa la juu ni sawa na kupanda hadi pete ya mpira mkubwa. Ukijumlisha umbali wote mbili, unapata urefu wa ukuta kutoka pete hadi pete, na huo haubadiliki popote unaposimama. Ndio urefu wa uzi wa seremala!

Alitoka mbio na aproni yake, akavuka barabara bila kutazama magari, akaingia karakana ya mumewe akipiga kelele, "Nimeiona misumari! Nimeiona!"

Seremala akaacha randa chini. "Imekuchoma wapi? Kaa, nione mguu!"

Walicheka hadi dobi akaja kuuliza nani amekufa. Kisha Fundi akamwonyesha mumewe. Seremala aliomba aonyeshwe mara ya pili, halafu ya tatu, na mara ya tatu alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akasema, "Miaka ishirini na saba, Fundi. Na ilikuwa ndani ya faneli."

Usaili ulifanyika Jumatatu, tarehe 3 Julai 2006. Mwenyekiti wa jopo alimtaka aandike fomula ya duaradufu. Akaiandika. Kisha akauliza, "Naruhusiwa kueleza inatoka wapi?" Bila kungoja sana akatoa kikapuni faneli, sahani, mipira na chaki. Alipomaliza, mhandisi kijana wa jopo alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Hii nimeisoma chuo kikuu miaka minne," alisema. "Leo ndiyo nimeiona." Mwenyekiti aliirudisha kalamu mezani, akaomba auguse ule mpira. Barua ya ajira ya kudumu ilitoka Ijumaa. Alifundisha hadi kustaafu, Desemba 2019, na wanafunzi wake zaidi ya mia nne walijifunza mikato ya koni kwa mkasi kwanza, kalamu baadaye.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa tarehe 2 Februari 2024. Mchana mmoja, muuguzi alipofunga mapazia ili wagonjwa walale, Bi. Faneli aliomba aazimwe tochi.

"Ielekeze ukutani moja kwa moja, mwanangu. Unaona nini?"

"Duara, mama."

"Ielekeze juu kidogo."

"Limerefuka."

"Hiyo duaradufu. Ielekeze juu zaidi, mpaka mwale wa juu kabisa uende sambamba na ukuta, usiuguse kamwe."

Muuguzi akaielekeza juu. Mwanga ukafunguka upande mmoja, ukapanda ukutani hadi darini. "Ah! Halifungi tena!"

"Hiyo parabola. Umeifanya wewe mwenyewe. Ukizidisha utapata haipabola. Zidisha!"

Daktari wa zamu alipoingia alikuta wauguzi wanne na wagonjwa watatu wakigombea tochi, na mgonjwa wake ameketi wima, macho yanang'aa, akitoa maelekezo. Alisema apumzike. Akajibu kwamba atapumzika wakimaliza.

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na mdogo wake wa kike, pamoja na mafundi walioenea kila upande wa mji huu. Alikuwa ametuagiza karakana isifungwe kwa msiba wake zaidi ya siku moja, maana kuna watu wanangoja ndoo zao. Tumefunga siku tatu. Hili tunamwomba atusamehe, na Mungu ampokee, ampe pumziko jema ambalo hapa duniani alikuwa akiliahirisha kila alipoambiwa.