Mama Mito, Dada Yetu Aliyetaka Kuulizwa

Ndugu, majirani na wateja wake, tunamshukuru Mungu aliyetuachia dada huyu kwa miaka hamsini na saba. Familia imenituma mimi, mdogo wake wa kiume anayemfuata, niwasomee habari zake. Nikikwama, mnivumilie.

Dada alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba alikuwa mwashi na Mama mkunga. Mama husema kwamba yeye aliyezalisha nusu ya mtaa alisumbuliwa na mtoto wake mwenyewe, maana huyu alitoka saa aliyotaka yeye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari ya bweni mwaka 1982. Tarehe 9 Septemba 1984, akiwa kidato cha tatu, aliteleza kwenye ngazi za bweni zilizokuwa zimetoka kupigwa deki, akaumia uti wa mgongo. Hakutembea tena. Alilazwa miezi saba, kisha akarudishwa nyumbani, ambako Baba alikuwa amemjengea choo kipya chenye mlango mpana na vishikio vya bomba. Vishikio vilikuwa imara kabisa, ila Baba alivipima akiwa amesimama. Dada aliingia na kiti chake, akatazama juu, akauliza, "Baba, hivi ni vya kushikia au vya kuanikia taulo?" Baba alicheka mpaka akakaa sakafuni, na akiwa hapohapo sakafuni akaanza kupima upya. Tangu siku hiyo hakumtengenezea kitu bila kumuuliza kwanza. Sisi wengine tulichelewa kujifunza.

Januari 1986 alirudi shuleni. Mkuu wa shule alimweleza Baba, kwa huruma, kwamba ni afadhali binti asomee nyumbani kwa kuwa kidato cha nne kilikuwa ghorofani. Dada alikuwa katikati yao. Akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kupanda, lakini darasa linaweza kushuka." Wiki iliyofuata darasa lilihamia chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Alimaliza mwaka huo na kufaulu vizuri.

Alijifunza ushonaji kwa miaka miwili, na mwaka 1991 akafungua chumba chake cha kazi karibu na posta. Pedali ya cherehani ya umeme aliiweka juu ya meza akawa anaibonyeza kwa kiwiko. Mwaka 1993 alipata kidonda cha kukaa, akalala kifudifudi miezi minne. Alipoinuka alianza kushona mito ya viti vya magurudumu: sponji ngumu chini, laini juu, na bonde dogo pale mfupa unapokaa. Ndiyo maana wengi wenu mlimwita Mama Mito na hamkulijua jina lake jingine. Hakumuuzia mtu mto bila kumpa somo. "Jinyanyue kwa mikono kila baada ya nusu saa," alikuwa akisema. "Usingoje maumivu. Huko nyuma kwetu hakupigi kelele."

Vitu vingine alivibuni kwa sababu alivihitaji. Kijiti chenye ndoano upande mmoja na sumaku upande mwingine, cha kuvutia pazia na kuokotea pini. Sinia la mapajani lenye ukingo, lililobandikwa mpira chini lisiteleze. Kipande cha bomba kilichorefusha breki, kwa wale ambao mikono yao haina nguvu. Kamba kwenye kitasa, ili mtu aufunge mlango nyuma yake bila kuita mtu. Hiyo kamba aliipenda kuliko vyote. Alisema mtu mzima anastahili kufunga mlango wake mwenyewe.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na fundi baiskeli aliyekuwa akimnyooshea magurudumu. Kabla ya hapo mama mkwe alifika nyumbani kumwona. Akamgeukia mwanawe, "Huyu ataweza kupika?"

Shemeji akajibu, "Mama, muulize mwenyewe, si huyu hapa?"

Dada akasema, "Naweza, Mama. Ila sufuria zikae chini, mimi siruki." Kisha akaleta chai mwenyewe kwenye sinia lake, vikombe vinne, bila kumwaga tone. Miaka mingi baadaye, mama mkwe alipoanza kuumwa magoti, alikuwa wa kwanza kudai kijiti chenye ndoano, tena akachagua rangi. Mungu aliwajalia binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1998. Kanisani Dada aliimba sauti ya pili kwa miaka thelathini.

Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alitibiwa kwa uvumilivu, lakini Januari mwaka huu alilazwa akiwa amedhoofika sana. Daktari alituita ukumbini, nje ya wodi. Binti yake alitaka abakizwe kwenye mashine ya kusafishia damu, na mimi pia. Tuliogopa kumpoteza, na kalamu ya kusaini nilikuwa nimeshaishika. Shemeji akatuangalia. "Mmemuuliza?"

Tulirudi wodini wote. Daktari alichuchumaa kando ya kitanda mpaka macho yao yakalingana, akamweleza hali yake bila kumficha.

"Mkinibakiza nitapona?" Dada akauliza.

"Hapana, Mama. Utaongeza siku chache."

"Basi nipelekeni nyumbani. Na wewe," akaniambia mimi, "acha kulia, unanilowesha shuka."

Alirudi nyumbani tarehe 29 Januari. Kwa siku nane alipokea wageni, akagombana na mhubiri kuhusu nyimbo za leo, akashinda. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, kitandani kwake, baada ya sala, mume na binti wakiwa wamemshika mikono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari yule aliyechuchumaa.

Ameacha mume, binti mmoja, mkwe, mjukuu wa miaka miwili, mama yake mzazi, mama mkwe, na sisi wadogo zake wawili. Mlioagiza mito, saba imekamilika, iko kwa binti yake. Wa nane ameuacha mezani haujatiwa zipu. Binti ataumalizia, mwenye nao amwambie anautaka vipi.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake na ampe pumziko la amani. Amina.