Kabla ya Kuniuliza Mimi, Mngegeuza Boti

Nilikuwa nimemshika mkono Atieno, mke mwenzangu, ukanitoka. Mkono ulikuwa na mafuta ya samaki. Mkono wangu mwingine ulikumbatia mtungi mtupu. Aliniita mara moja tu, "Nyieka!", mke mwenzangu, kisha pale ilipotoka sauti yake pakabaki gugu maji.

Ndugu zangu wa chama, niacheni nisimame. Nikikaa miguu inacheza yenyewe. Tangu mwaka ule gugu lilipofunika ziwa, sijatulia.

Mume wetu alikuwa amezikwa juzijuzi tu na watoto wanataka kula. Tukakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, tukatoka Homa Bay kuuza soko la Kendu Bay. Boti ilikuwa ya Obonyo, huyu aliyekaa karibu na mlango. Usiangalie chini, Obonyo. Boti ilikuwa na tundu, limezibwa kwa tambara. Kila boti ina mtu wa kuchota maji. Obonyo akamshusha wake apakie abiria mwingine. Atieno akauliza, "Na maji nani atachota?"

Obonyo akamjibu, "Mama, na huo mdomo wako, si utayanywa?"

Boti nzima ikacheka.

Katikati tukakwama kwenye gugu. Wanaume wakasukuma kwa miti, boti ikatikisika, tambara likatoka. Mimi nilitolewa na wavuvi. Atieno alikufa maji, na wengine.

Basi naibu wa chifu, Were, akatukusanya ufukweni. Nawaambia, hakuna aliyegeuza ile boti kuangalia chini. Were aliuliza tu, "Nani hapa ni mjane?" Akasema ni chira, laana ya mjane aliyetoka kabla ya kumaliza mila. Kesi ikaishia hapo.

Watu wakanikwepa njiani. Nikakimbilia Kosele kwa kaka yangu, nikalima maharagwe yake, nikiamini kabisa nimemwua Atieno. Niliamini, jamani!

Niliporudi kuona watoto, nikakuta boti ileile imepakwa rangi ya buluu, inapakia watu. Nikainama. Tundu lilelile, sasa limezibwa kwa kipande cha gunia. Chira gani hiyo inayozibwa kwa gunia? Nikaingia, nikakaa.

"Toka, mjane!" Obonyo akapiga kelele.

"Nitoe wewe."

Mama mmoja muuza omena, hawa dagaa wa ziwani, akaingia akakaa kando yangu. Halafu mwingine. Wenye safari walipoliona lile gunia wakashuka. Boti haikuondoka siku ile. Na ndiyo maana hadi leo mama wa chama hiki hapandi kabla ya kuinua mbao za chini na kumwona mchota maji na kopo lake.

Nawashukuru wavuvi wale. Namshukuru kaka yangu, na wewe mama wa omena. Mtu akifa maji, geuzeni boti kwanza, ndipo mje kuuliza mjane.

Nimemaliza kushukuru. Obonyo, simama. Watoto wa Atieno ninaowalea ni hawa hapa mbele. Waambie kwa nini ulimshusha mchota maji. Na wewe Were, uliniuliza mimi. Mbona mwenye boti hukumwuliza?

Sikai mpaka mjibu.