Shikamoo ya Saa Kumi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, na mimi, muuza kahawa, ndiye ninayelilinda kwa birika langu. Fundi mwenyewe tunamwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Pembeni yake hukaa Mashine, kinyozi, na Cheche, mchomelea vyuma. Jana Futi alikuwa na pambano la upanga kwenye simu, saa kumi kamili, dhidi ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayeuza dawa ng'ambo ya barabara. Binti huyo alishampiga mara kumi na saba. Futi, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa ameahidi kwamba akipigwa tena atampa shikamoo mbele za watu, mwezi mzima. Siku Futi anaoa, binti huyo alikuwa na miaka mitatu, na alilala mgongoni kwa Futi hadi wageni wakaondoka. Bahati nzuri washauri walikuwepo.

— Tatizo lako ni kidole gumba, alianza Mashine. Kimezoea mkasi.

— Mkasi una kosa gani?

— Mkasi unafungua na kufunga. Upanga unataka kidole chenye msimamo.

— Achana naye, alisema Cheche. Simu yako inapata moto. Mimi nachomelea, moto naujua. Simu ikichemka, upanga unalegea.

— Upanga wa kwenye gemu?

— Kwani we unadhani umetengenezwa na nini?

Nikamimina kahawa.

— Halafu kuna suala la mtandao, aliendelea Cheche, sasa amepamba moto. Mnara uko kule. Mtandao unapita kwanza duka la dawa ndipo uje huku. Kwa hiyo yeye anapigana na wewe wa leo, wewe unapigana na yeye wa juzi!

Futi alishika kichwa. Cheche akakimbia, akarudi na nondo ya mita mbili, akaisimamisha nyuma ya benchi ili inase mtandao.

— Na jina ubadili, alisema Mashine. Unajiita Simba, ndiyo maana unachokozwa. Jiite Marehemu. Nani mwenye akili atampiga marehemu?

— Mashine, wewe umeshinda mapambano mangapi?

— Mimi ni kocha, bwana.

Futi akabadili jina. Naapa nilimwona akibadili, mtu mzima mwenye wajukuu wawili.

Zikiwa zimebaki dakika tatu, akafika mwalimu mmoja aliyeleta kitambaa chake mwezi uliopita.

— Fundi, sketi yangu?

— Mwalimu, subiri kidogo, nipo vitani.

Mwalimu akainama kutazama hiyo vita. Akatazama vizuri, kama anayesahihisha daftari.

— Na hiki kitufe chenye picha ya ngao, hapa pembeni, kazi yake nini?

Mapambano kumi na saba, na hakuna aliyewahi kukigusa. Cheche akaangalia nondo yake. Mashine akachungulia ndani ya kikombe.

— Hilo ni pambo tu, alisema Mashine hatimaye.

Saa kumi ikagonga. Futi alikata, alichoma, aliruka, alitoa ulimi nje. Zilipita sekunde thelathini na moja, maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo: *Marehemu ameuawa.*

Mlango wa duka la dawa ukafunguliwa. Shemeji akavuka barabara na koti lake jeupe, akasimama mbele ya benchi, mikono mifukoni. Futi akainuka. Akaivua ile futi shingoni, akaikunja taratibu mpaka ikaisha kukunjika. Nilimhurumia, nasema kweli. Yule binti naye alianza kucheka, kisha akaacha.

— Shikamoo, alisema Futi.

— Marahaba, shemeji. Hujambo?

— Sijambo.

Mwalimu akageuza uso. Nikadhani hata washauri wetu sasa wamepata adabu.

— Unajua ulipokosea? alisema Mashine. Shikamoo yako umeitolea kifuani. Ingetoka tumboni—

— Na ulisimama mbali na nondo, akadakia Cheche.

Futi akawageukia, macho yakimtafuta mtu wa kumsaidia. Nikavichukua vikombe vyao mikononi, vyote viwili.

— Kahawa imekwisha, nikawaambia.

Birika lilikuwa nusu.